Pilnyo na Matita ya Matawi

Siku Pilnyo alipoingia kwa mumewe kijijini Gamgol, akiwa na miaka kumi na tisa, kitu cha kwanza alichokikodolea macho hakikuwa mume. Bibi harusi hutakiwa kuinamisha kichwa kutwa nzima, naye aliinamisha, lakini jicho moja lilichungulia pembeni, kwenye ukuta wa jiko palipopangwa kuni. Rundo lenyewe lilikuwa na kimo cha mbwa aliyeketi. Vuli ilikuwa ikiishia, na baridi ilikwisha kubisha hodi. Wageni wakiimba, wazee wakinywa pombe ya mchele na kupiga mapaja kwa vicheko, bibi harusi alikuwa akipiga hesabu moyoni: wiki tatu, zikizidi sana nne.

Tangu siku ile moyo wake haukutua.

Kuni kule si za kupikia tu. Moshi wa jiko hupita chini ya sakafu ya mawe, ukaipasha, ndipo utokee dohani upande wa pili. Juu ya sakafu hiyo watu hula, hulala, huzaa na kuugua. Jiko likizimika, nyumba nzima imezimika. Na kuni zenyewe zitoke wapi? Vita vilikuwa vimepita, watu walikuwa wamekata kila kilichosimama, na vilima vya Gamgol vilibaki vipara, udongo mwekundu ukitiririka kila mvua iliponyesha. Serikali ikapanda misonobari michanga na kupiga marufuku kugusa mti ulio hai. Ruhusa ilikuwa kukwangua kwa reki majani makavu yaliyoanguka, kuokota vijiti vilivyokufa vyenyewe, kung'oa vichaka. Basi.

Dal-su, mume wa Pilnyo, alikuwa mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Mwaka wa pili wa ndoa, shamba lao la mpunga likiwa dogo kama mkeka, alikwenda kuchimba makaa ya mawe Jangseong, safari ya siku nzima kwa gari moshi. Akawa anarudi mara mbili kwa mwaka, mwaka mpya na sikukuu ya mavuno. Nyumbani alimwacha Pilnyo na mimba, mama yake mzazi aliyekuwa na kifua kibovu, na kiunzi chake cha kubebea mizigo mgongoni, kile chenye pembe mbili za mti na mikanda ya majani ya mpunga.

Kiunzi ni cha wanaume. Wanawake hubeba kichwani. Alipokwisha kujifungua binti, Myong-ja, Pilnyo alijaribu kichwani mwezi mzima, akaona tita moja kwa safari halimtoshi. Asubuhi moja akapitisha mabega kwenye mikanda ya mumewe, akakaza, akapanda mlima.

Jirani yake, Mama Tae-sik, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili, alimwona akishuka amejaza vijiti hadi juu ya kisogo.

"Jamani njooni mwone! Mama Myong-ja, ndevu nazo zimeshaota?"

"Zimeota," Pilnyo akajibu bila kusimama. "Nazinyoa kwa mundu."

Kijiji kikacheka wiki nzima, kisha kikazoea. Asichozoea mtu ni namna alivyokuwa hatulii. Akienda sokoni, macho yalikuwa juu ya miti, si njiani. Akienda msibani, alilia vizuri kama wengine, lakini wakati wa kuondoka mkono wake ulikuwa umeshaokota kijiti uani pa marehemu. Akiketi kula, alikula nusu bakuli la shayiri, akainuka kuchungulia rundo, akarudi kumalizia nusu ya pili.

"Mwanangu, una siafu makalioni?" mama mkwe akamwuliza. "Kaa chini. Ukipita pita hivyo napata kizunguzungu."

"Nakaa, Mama." Na alipokuwa anasema "nakaa", mguu mmoja ulishavuka kizingiti.

Binti yake Myong-ja alipofika miaka sita, ukaja Januari ambao wazee wa Gamgol waliuita msumari. Kamba ya kisima iliganda ikawa kama fimbo. Theluji ilianguka siku tatu mfululizo, ikafunika kila jani na kila kijiti cha halali pale mlimani. Reki haikuwa na kazi. Pilnyo alichoma majani ya mpunga, yakaisha. Akachoma mabua ya maharage, akachoma makapi, akavunja kitanda cha kufumia nguo na kukichoma, akautazama mlango wa zizi muda mrefu. Mama mkwe alilala amejikunja sakafuni, akikohoa kikohozi kikavu, na kila alipokohoa Pilnyo alisimama.

"Sakafu imepoa?" bibi kizee akasema siku ya nne. "Au ni mimi ninayepoa?"

Pilnyo alichukua mundu.

Mwenye njaa hana miiko, wasema wahenga, na mwenye baridi hali yake ni hiyo hiyo. Nyuma ya mlima, mahali pasipoonekana kutoka njiani, alikata matawi ya chini ya misonobari iliyo hai. Alikata saba. Kila tawi lilipokatika lilitoa harufu kali, na kila harufu ilipomfikia aligeuka nyuma kana kwamba ameitwa jina. Akayapanga kwenye kiunzi, akayafunika kwa vijiti vichache vikavu alivyofukua thelujini, akashuka akikimbia, mundu ukimgonga nyonga.

Kabla hajafika ukingoni mwa kijiji akasikia sauti ya Mama Tae-sik ikipaa juu ya kuta.

"Kuku! Kuku! Ingieni ndani, kunguru anakuja! Kuku, ingieni ndani!"

Mama Tae-sik hakuwa na kuku hata mmoja. Wa mwisho waliliwa sikukuu ya mavuno. Kijiji kizima kilijua kunguru ni nani. Ni Bwana Pyo, bwana misitu wa tarafa, anayetembea na fimbo yenye ncha ya chuma na kuichoma katika kila rundo la kuni. Ncha ikitoka na kijani, mwenye rundo ana kesi.

Pilnyo alipita uchochoro wa nyuma, akaingia uani, akautua mzigo. Theluji ilimtoka mabegani kama unga. Alizunguka ua mara mbili. Zizini? Atatazama. Kisimani? Kimeganda. Akafungua mlango wa chumba, matawi yako kifuani mwake.

"Mama, bwana misitu!"

Bibi kizee aliyatazama matawi, akamtazama mkwewe, akafunua godoro lake la pamba.

"Lete."

"Wapi, Mama?"

"Chini yangu. Unangoja nini, ayabebe yeye?"

Wakayatandaza, theluji yake na yote. Mama mkwe akajilaza juu, Pilnyo akamfunika hadi kidevuni. "Mama wee," bibi kizee akanong'ona, meno yakigongana, "kaburi lina joto kuliko hapa."

Fimbo ilisikika uani. Ikachoma rundo, ikachoma tena, ikagonga ukuta wa jiko. Kisha mlango ukafunguliwa. Bwana Pyo alikuwa mwembamba, pua nyekundu kwa baridi, koti la serikali limemzidi mabega. Alivua viatu kwa adabu, akaingia, akanusa.

"Humu ndani mnanukia msonobari."

Mama mkwe akafumbua jicho moja.

"Ni mimi, mwanangu."

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Jeneza langu litakuwa la msonobari, si ndiyo? Basi najizoeza mapema, nisije nikaaibika siku yenyewe."

Uso wa Bwana Pyo ulitikisika. Akakohoa, akageukia mlango ili asionekane akicheka, na alipogeuka ndipo akauona mundu kizingitini. Pilnyo alikuwa ameusahau. Bwana Pyo akauinua, akaunusa, akang'oa sindano moja ya kijani iliyokuwa imenasa kwenye ulimbo.

"Na mundu huu nao unajizoeza kufa?"

Mama mkwe akafumba tena lile jicho.

"Mama," Bwana Pyo akamwambia Pilnyo, taratibu, "kesho asubuhi ofisini. Njoo kwa miguu yako. Usinifanye nije na askari."

Alipokwenda zake, bibi kizee alijitoa juu ya matawi, mgongo umelowa. "Choma," akasema.

"Mama, huu ni ushahidi."

"Ndiyo maana nasema choma. Kama kufungwa utafungwa, angalau mtu apate joto."

Wakachoma. Tawi bichi halina huruma: liliteta, likatoa povu, likajaza nyumba moshi mzito wa manjano, na sakafu ikapata joto la mkono wa mgonjwa tu. Wote watatu walitokwa machozi, mtoto, mkwe na bibi, na ingekuwa vigumu kusema ni yapi ya moshi na ni yapi ya jambo lingine. Mchana ule Pilnyo alifagia ua ambao ulikuwa umefagiliwa. Alihamisha magudulia ya kabichi ya kuchachusha kutoka upande huu kwenda ule, kisha akayarudisha.

Asubuhi alitembea hadi ofisi ya tarafa. Aliwakuta wanaume watano wa vijiji vingine wamechuchumaa ukutani, kila mmoja na kosa lake la kijani. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Bwana Pyo hakupandisha sauti. Aliwaambia hukumu ni siku kumi za kazi katika kitalu cha miche, kufunika miche kwa mikeka ya majani isiuawe na baridi. "Miti mliyoikata," akasema, "ilianza kwenye miche hiyo. Mkaitazame ikiwa na kimo cha kidole."

Kitalu kilikuwa kando ya kijito, na ng'ambo ya kijito kulikuwa na shamba la mitufaha la Mzee Gu. Siku ya kwanza Pilnyo hakuliona. Aliinama, akafunika miche, akawa anawaza sakafu ya nyumbani. Siku ya pili, karibu na saa sita, alinusa moshi. Haukuwa moshi wa jiko. Aliinua kichwa akaona, katikati ya shamba la Mzee Gu, moto mkubwa unaowaka mahali peupe. Hakuna sufuria juu yake. Hakuna sakafu chini yake. Matawi, vitawi, vijiti, rundo zima la kimo cha mtu, yanaungua na kuwapasha joto kunguru.

Mpaka mwisho wa maisha yake hakuweza kueleza alivukaje kijito. Barafu ilivunjika, maji yakamfika magotini, akatokea upande wa pili akauvamia ule moto kwa miguu, akaukanyaga, akavuta matawi kwa mikono mitupu na kuyatupa thelujini yakifuka.

"Wewe! Wewe mwanamke! Umepagawa?" Mzee mfupi, kofia ya manyoya imemfika nyusini, alikuwa akishuka ngazi.

"Mzee, hizi ni kuni!"

"Ni takataka hizo! Ni mapogozi, matawi niliyoyapunguza mitini!"

"Takataka kwako! Watu wanalala kwenye barafu na wewe unapikia hewa!"

Mzee Gu alisimama, mkasi wa kupogolea mkononi. Alikuwa mjane, mkali wa maneno, na mwanawe wa mjini alimletea kila mwaka makaa ya kufinyangwa, yale ya duara yenye matundu. Matawi hayakuwa na kazi kwake, ila kuficha wadudu hadi masika. Alimtazama mwanamke huyu aliyelowa, nyusi zimeungua, anayetetemeka lakini haachi kuvuta matawi.

"Unatoka wapi?"

"Gamgol."

"Saa nzima kwa miguu! Na utabeba kwa nini, kwa meno?"

"Nina kiunzi."

"Mumeo atakuja na kiunzi?"

"Mimi nitakuja na kiunzi."

Mzee akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka muda. "Beba. Lakini sitaki kijiti kibaki. Kitakachobaki machweo nakichoma, hata ukikikalia."

Nyuma ya Pilnyo, Bwana Pyo alikuwa amekwisha fika, viatu vimelowa, fimbo mkononi. Pilnyo akajua sasa siku kumi zimekuwa ishirini. Bwana misitu aliichoma fimbo katika matawi, akaligeuza moja, akalitazama.

"Huu si mti wa serikali," akasema. "Kamalize mikeka yako kwanza."

Jioni, kabla jua halijashuka, alimletea kikaratasi chenye muhuri: mbebaji wa karatasi hii amebeba mapogozi ya mitufaha, asisumbuliwe. "Na uache kuukimbilia moto wa watu," akaongeza, akaondoka bila kungoja shukrani.

Matawi ya mtufaha ni madogo, yamepindapinda, yanakataa kupangika. Pilnyo aliyafunga kwa kamba ya majani ya mpunga, akayakaza kwa goti, matita manne kwa safari. Yakishakauka kidogo karibu na jiko, yaliwaka bila kelele, moto wa bluu chini na mweupe juu, na nyumba ikanukia tunda. Siku ya tatu mama mkwe alijigeuza upande kwa upande.

"Mwanangu, leo makalio yanaungua."

"Nipunguze moto, Mama?"

"Thubutu!"

Ungedhani sasa atatulia. Wapi! Rundo lilipofika dirishani aliona halijafika kwenye upenu wa paa; lilipofika kwenye upenu aliona masika bado mbali. Siku kumi za hukumu ziliisha, akaendelea kwenda. Na kwa kuwa mikono yake ilivunja maelfu ya vijiti vile, ilianza kuona tofauti. Vingine vilikuwa na macho ya kuchipua, membamba, yaliyolala kwenye gome. Vingine vilikuwa na macho manene, yenye manyoya kama kidole cha paka.

Siku moja alikuwa chini ya ngazi akikusanya. Juu, mkono wa Mzee Gu ulipapasa, ukashika tawi.

"Si hilo, Mzee."

"Nini?"

"Hilo lina macho manene. Kata la nyuma yake, hilo lililosimama wima. Hilo linakula tu, halizai."

Mzee Gu alisogeza uso hadi pua ikagusa tawi. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, na miaka miwili alikuwa akikata kwa kupapasa bila kumwambia mtu. Mavuno yake yalikuwa yamepungua naye akawalaumu nyuki. Akashuka hatua moja moja.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nimeyavunja mengi."

Akampa msumeno. "Panda. Nikuone."

Ndivyo ilivyokuwa. Pilnyo alipanda, na juu ya ngazi ile, kwa mara ya kwanza, macho yake yaliyozoea kutazama matawi yalipata kazi ya halali. Mzee Gu alikaa chini akipiga kelele: fungua katikati, jua lipite! Acha mkono huo, ule wa kushoto je? Kata karibu, usiache kisiki! Naye alikata, akashuka, akazunguka mti, akapanda tena. Mwisho wa majira ya kupogoa mzee alisema matawi yote ni ya Pilnyo, na kila mwaka aje.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo lililomkaa vibaya. Mama Tae-sik alikuwa ameliona rundo. Nani angekosa kuliona? Alimkuta kisimani.

"Mama Myong-ja, mlima gani huo unaozaa kuni? Tuambie na sisi tukazae."

"Naokota okota tu."

"Unaokota okota hadi kwenye upenu?"

"Naokota njiani."

Mama Tae-sik alimtazama, na ile sauti ya kuvuka mabonde ikawa ndogo. "Sawa. Mwanangu mdogo nimemvalisha magunia, lakini sawa." Akachukua ndoo akaenda.

Pilnyo alirudi na maji, akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Aliogopa, huo ndio ukweli. Mwanamke mmoja akijua, watajua kumi, na shamba la Mzee Gu si mlima. Mama mkwe alimsikia akihangaika nje hadi akachoka, akamwita.

"Yule mama ana kuku wangapi?"

"Hana hata mmoja, Mama."

"Lakini siku ile aliwaita." Bibi kizee akajifunika. "Nimemaliza."

Pilnyo alisimama mlangoni, shingo inamwaka kwa aibu. Kisha akatwaa matita mawili, akayapeleka kwa jirani, akayatua uani bila hodi. Mama Tae-sik alipotoka, Pilnyo alikuwa akitazama pembeni.

"Kesho alfajiri naenda ng'ambo ya kijito, kwa Mzee Gu. Uje na kamba. Na ufunge mdomo ukiwa pale, maana mzee hapendi kelele."

"Mimi nina kelele?" akauliza Mama Tae-sik, na kijiji kizima kikamsikia.

Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata, mitufaha ilipochanua, akiwa amelala upande wake anaoupenda, sakafu ina joto. Dal-su alifika kuzika, akakaa siku saba, akarudi mgodini.

Miaka ile mitufaha ilienea bondeni kama uvumi. Waliopanda hawakujua kupogoa, na waliojua walikuwa wachache. Pilnyo aliitwa shamba hili, akaitwa lile, tangu Januari hadi macho yakichomoza, msumeno kiunoni na ngazi begani, na nyuma yake msururu wa wanawake wa Gamgol wenye kamba na vichwa tayari kwa matita. Wakamwita Mama Msumeno. Wenye mashamba walimlipa, wanawake wakapata matawi, na yeye hakupata kukaa. Myong-ja alikua, akasoma, akaolewa mjini Daegu. Aliposhika ujauzito alimwandikia mama yake: njoo upumzike kwangu mwezi mmoja. Pilnyo alikwenda, akakaa siku nne. Siku ya tano alikutwa juu ya mti wa jirani asiyemjua.

Halafu yale makaa ya duara yakafika Gamgol kwa lori. Mwaka wa kwanza nyumba tatu, mwaka wa tatu nyumba zote. Mama Tae-sik alikuwa wa mwisho kuacha. Hata yeye goti lilimkataza. Pilnyo akawa anapogoa na kushuka ngazi, anatazama chini ya miti, na hakuna mtu. Matawi yamelala tu. Vijana wenye mashamba walimwambia, "Acha, Mama, tutachoma." Naye hakuweza kuacha. Aliyafunga, akayapanga kando ya uzio, matita juu ya matita, ya nani hajui.

Ilikuwa wakati huo Dal-su aliporudi moja kwa moja. Miaka ishirini na mitatu chini ya ardhi, na kifua kimejaa vumbi lake. Alikuwa bado na mabega mapana, lakini kutoka godoroni hadi langoni alipumzika mara mbili. Aliketi kwenye sakafu yenye joto la makaa, makaa ambayo pengine aliyachimba mwenyewe, akawa anamtazama mkewe akipita, akirudi, akipita.

"Kaa," akasema siku moja.

"Nakaa."

"Nilipokuwa kule chini, kila nikipumzika nilikuwa nakuona umekaa hapa, umenyoosha miguu. Ndicho kilichokuwa kinanipa nguvu." Akavuta pumzi, ikachelewa kuja. "Kumbe hukukaa hata siku moja."

"Ningekaa, nani angepasha hiyo sakafu uliyokuwa ukiiona?"

Dal-su akapigapiga sakafu kando yake. Pilnyo akakaa. Akanyoosha miguu kama alivyotakiwa. Mikono haikujua iwekwe wapi. Aliilaza mapajani, ikainuka, ikachuma uzi kwenye mto. Mume akakohoa, akasubiri, akakohoa tena. Nje upepo ulipita ukagonga mlango wa jiko, na magoti ya mke yakaanza kutikisika.

"Kuna miti kumi na miwili kule ng'ambo haijaguswa," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo kama mtu anayekiri kosa. "Mzee Gu ameshakufa, mjukuu wake hajui jicho nene na jembamba. Machi ni wiki ijayo, macho yatachipua."

"Nenda."

"Na wewe?"

"Na mimi nakuja."

"Na kifua hicho?"

"Kifua changu, miguu yangu. Nenda."

Walitoka saa mbili asubuhi. Njia ya saa nzima iliwachukua zaidi ya mbili. Dal-su alikwenda hatua thelathini, akasimama, mkono kwenye ukuta au kwenye mti. Pilnyo, ambaye hakuwahi kwenda polepole, alimtangulia, akageuka, akarudi hadi kwake, akamtangulia tena, hivyo hivyo njia nzima, kiasi kwamba siku ile alitembea njia ile mara tatu. Penye kijito alimshika mkono, wakavuka kwenye mawe.

Shambani alimtafutia kasha la matufaha, akamkalisha penye jua, akamfunika kwa shali lake. Kisha akaegemeza ngazi, akapanda. Matawi yalianza kuanguka. Dal-su aliyatazama kwa muda, akainama, akavuta moja, la pili, akayalaza pamoja mapajani. Aliomba kamba. Pilnyo akamtupia. Alifunga kwa fundo asilolijua mkewe, fundo la mgodini, fupi na la kukaza, na tita lilipokamilika alilitikisa, hakuna kijiti kilichochomoka.

Pilnyo alishuka kwenda kulikagua. Aliligeuza, akalibonyeza kwa goti.

"Si baya," akasema.

"Litachomwa na nani?"

"Atapatikana."

"Nani sasa, Mama Myong-ja? Kijiji kizima kinatumia makaa."

"We funga tu," akamjibu, na mguu ulikwisha kuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi.